Tunza Bunduki Yako Ikutunze

Nguruwe na nyani huharibu mimea. Baadhi ya wakulima wenye leseni hulinda mashamba kwa bunduki ya marisau. Bunduki nzuri hudumu miaka mingi. Ikitumiwa vibaya huweza kumuua mwenyewe.

Kabla ya kununua, hakikisha haina risasi. Kisha ifungue, uchungulie mtutu kwenye mwanga. Ndani uwe laini, bila kutu wala mbonyeo. Ukiufunga, usichezecheze.

Watengenezaji hupiga chapa ya kipimo kwenye mtutu. Isome. Risasi ya kipimo 20 ni nyembamba. Ukiitia katika bunduki ya kipimo 12, huzama ndani na kukwama. Ukitia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka. Ndiyo sababu maganda ya kipimo 20 kwa kawaida ni ya njano. Usichanganye risasi mfukoni.

Matope ndani ya mtutu pia huupasua. Ukimaliza kazi, safisha mtutu na kuupaka mafuta kidogo.

Hifadhi risiti, kijitabu cha mtengenezaji na namba ya bunduki. Ikiharibika, muuzaji atauliza hivyo kwanza. Usimpelekee mhunzi wa majembe. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye kibali.