Mada ni kanuni, wewe unaleta mabao matano

Kama kuna wiki vijiwe vya soka vilipoteza mwelekeo, basi ni ile ya Machi 8, 2025. Dabi ya Kariakoo ilikuwa ipigwe Jumamosi hiyo Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga akiwa mwenyeji. Usiku wa kuamkia mechi, Simba wakaenda kufanya mazoezi, wakadai wamezuiwa kuingia, wakatangaza hawachezi. Siku ya mechi yenyewe Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga nao wakaja juu wakitaka pointi zao.

Maswali ya kujadili yalikuwa mawili tu. La kwanza, kanuni inampa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi? La pili, akinyimwa, anaruhusiwa kugomea mchezo? Unaweza kujibu ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa lile la pili, na hapo ndipo ubishi wenyewe ulikuwa na utamu.

Lakini nani alifika huko? Shabiki wa Simba akianza tu kutaja kanuni, anarushiwa zile 5-1 za Novemba 2023. Naye haachi, anarudi kwenye 5-0 za Mei 2012. Mwingine anadandia na fainali ya Kombe la CAF ya 1993. Nusu saa imepita, kahawa imepoa, kanuni hakuna aliyeisoma.

Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kuongoza mazungumzo. Kwenye vijiwe huwa ni mzee anayeheshimika au muuza kahawa mwenyewe. Redioni ni mtangazaji. Kwamba naye ana timu yake, kila mtu anajua, na sioni tatizo. Mwamuzi naye alikuwa mtoto mtaani, alishabikia mahali. Tatizo ni pale shabiki wa timu yake akitoka nje ya mada anachekewa, "huyu bwana ana vituko," halafu wa upande wa pili akifanya hivyohivyo anaambiwa anyamaze au simu inakatwa.

Watu wanaliona hilo haraka kuliko offside. Hawagombani, wanahama tu. Baada ya muda benchi lote limebaki la rangi moja, na hicho si kijiwe tena, ni tawi.

Uefa kwenye Euro 2024 walisema anayemfuata mwamuzi kuomba maelezo ni nahodha peke yake, wengine wakimzonga wanakula kadi ya njano. Kilichoipa nguvu kanuni ile ni kwamba ilizibana timu zote, kubwa na ndogo. Kijiweni hatuna nahodha, ila ukimkata wa kwako kwanza, yule wa upande wa pili ukimkata hana cha kulalamika.

Angalia pia Yanga walipokwenda CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo. Jibu lilikuwa wamalize kwanza ngazi za ndani ya nchi. Basi. Haikusemwa kwamba Simba walikuwa sahihi kugoma, wala kwamba Yanga hawastahili pointi. Mtaani Simba wakashangilia kama wamefunga bao dakika ya 90, Yanga wakaanza kulaumu kila mtu. Aliyejaribu kueleza kwamba mahakama haijaigusa mada yenyewe aliulizwa, "Kwani wewe timu gani?" Swali hilo ndilo linaloua ubishi mwingi mzuri hapa mjini, na kiongozi wa kijiwe anayeliruhusu ajue kazi imemshinda.

Dabi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Yale maswali mawili ya Machi yako palepale. Jaribu kuyauliza leo, utajibiwa: "Si mlifungwa?"