Mama, Wachagua Fungu Lipi?

Tuseme, Mama, umekwenda sokoni. Mbele yako yapo mafungu mawili ya viazi vitamu. Fungu moja ni viazi vyeupe, vikavu, vyenye unga, kama ulivyozoea. La pili ni viazi ambavyo ndani vina rangi ya chungwa. Ni laini zaidi, na bei yake imezidi kidogo. Utachukua lipi? Au utapita zako?

Swali hilo si mchezo. Wataalamu wa chakula huwauliza watu vivi hivi, mara nyingi, wakibadili rangi au bei. Hawamwulizi mtu, "Wapenda nini?" maana nani asiyependa kitu kizuri tena rahisi? Humtaka aache kimoja ili apate kingine. Majibu ya watu wengi yakiisha kukusanywa, hesabu huonyesha mnunuzi anaithamini rangi kiasi gani, na ladha kiasi gani.

Huko Uganda walifanya hivyo kwa viazi vitamu, na habari zake zikachapwa mwaka 2011. Watu wengine waliulizwa kwa maneno tu. Wengine walinunua kweli. Loo! Wale wa maneno walitaja bei iliyozidi mara mbili ile waliyokubali wenzao waliotoa fedha. Si kwamba walikuwa waongo. Mgeni akikuuliza kwa adabu, wataka kumfurahisha. Lakini mkulima akipanda kwa kufuata maneno hayo, viazi vitamwozea. Basi mgeni wa namna hiyo akibisha hodi kwako, mjibu kana kwamba fedha zinakutoka mkononi.

Tena, watu wasioelezwa habari za lishe waliona viazi vya rangi ya chungwa ni sawa tu na vyeupe. Walioelezwa kwamba vina vitamini A walikubali kuongeza bei. Walikuwa na haki: mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kutoona jioni, na akizidi kuikosa aweza kupofuka kabisa.

Limebaki neno la baba wa nyumba, ambaye hataki kiazi chenye majimaji. Mtaalamu Mganda, Robert Mwanga, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu, ametumia miaka mingi kuzalisha mbegu zenye rangi hiyo na unga wa kutosha, ili baba naye anyoshe mkono sahanini.