Wanyama wa Kazi wa Pwani ya Kusini (Sehemu ya Tatu): Maradhi ya Pumzi ya Farasi na Punda

Farasi hupumua kwa pua tu. Kaakaa lake laini limekaa kwa namna inayoifunga njia ya hewa kutoka mdomoni, kwa hiyo hawezi kutweta mdomo wazi kama mbwa hata anapobanwa na pumzi. Akiwa mzima na amepumzika, huvuta pumzi mara 8 hadi 16 kwa dakika. Punda huzidi kidogo. Hesabu hiyo huchukuliwa kwa kutazama ubavu, nyuma ya mbavu ya mwisho. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla jua halijapanda, maana joto na unyevu wa Kilwa na Lindi peke yake hutosha kumfanya mnyama asiye na ugonjwa ahemehe ifikapo adhuhuri.

Ugonjwa unaotisha kuliko yote ni homa ya farasi ya Afrika. Husababishwa na virusi vya aina 9, na huenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu anayezaliana kwenye tope lenye samadi na kuuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi hamwambukizi mwenzake kwa kugusana. Lazima usubi apite kati yao. Katika sura yake ya mapafu, homa hupanda siku chache baada ya kuumwa, na huenda mnyama akaendelea kula kama kawaida. Kisha pumzi hubadilika ghafla: hufika 50 kwa dakika na kuzidi, miguu ya mbele hutanuka, shingo hunyooshwa mbele, jasho humtiririka, na povu jeupe humwagika puani. Ni majimaji ya damu yaliyojaa mapafuni. Kufikia hapo hubaki saa chache tu, na kati ya farasi 100 wanaofikwa na sura hii hawaponi hata 5. Sura nyingine hushika moyo na kwenda polepole zaidi. Dalili yake ya wazi ni kuvimba kwa yale mashimo yaliyo juu ya macho, ambayo kwa farasi mzima huwa yamebonyea.

Punda na pundamilia hupata virusi hivyohivyo lakini ni nadra kufa. Hubaki navyo kwenye damu kwa wiki kadhaa bila kuonyesha lolote, usubi wakiwanyonya na kuvipeleka kwingine. Nyuma ya Kilwa kuna mbuga za Selous zenye pundamilia, na mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei hulowesha mabonde ya Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi. Si ajabu basi kwamba pwani hii haikupata kuwa nchi ya farasi, na mizigo yake ikabebwa na majahazi, punda na mabega ya watu.

Kutojua chanzo kumewahi kuleta dhuluma kubwa. Mwaka 1571 Francisco Barreto aliongoza jeshi la Wareno kupanda mto Zambezi kwenda kutafuta dhahabu ya ufalme wa Mutapa. Walipofika Sena, farasi na askari wakaanza kufa. Padri Monclaro, Mjesuiti aliyefuatana nao, aliamini kwamba wafanyabiashara Waislamu wa pale wamewatilia sumu, na watu hao wakauawa kwa mateso. Leo vifo vya farasi wale huhusishwa na homa hii pamoja na nagana inayoletwa na mbung'o. Miaka zaidi ya 300 baadaye, baada ya Waingereza kuzitwaa Kilwa na Lindi kutoka kwa Wajerumani mnamo Septemba 1916, farasi na nyumbu wa jeshi walikufa kwa maelfu katika vita vya Afrika Mashariki, na kazi yao ikaangukia wapagazi. Kuanzia mapigano ya Narungombe, Julai 1917, hadi yale ya Mahiwa, Oktoba mwaka huohuo, wanaume wa nchi hii walibeba risasi na unga kichwani, na wengi hawakurudi makwao.

Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Ipo chanjo, nayo hutolewa kwa ushauri wa daktari wa mifugo kabla ya msimu wa usubi. Kinga ya kila siku ni banda. Farasi aingizwe ndani saa moja au zaidi kabla ya jua kuzama na atolewe jua likiwa limeshapanda. Madirisha yawekwe wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua cha kawaida, kwa sababu usubi hupenya cha mbu. Samadi iondolewe na madimbwi yafukiwe. Palipo na umeme, feni husaidia sana, kwani usubi hawezi kuruka kwenye upepo. Msimu wa mvua farasi apimwe joto kwa njia ya haja kubwa asubuhi na jioni. Likizidi nyuzi 38.5 asifanye kazi yoyote, hata ya kutembezwa, kwa kuwa jitihada ndogo tu humwua mwenye homa hii.

Hapa ndipo penye ugumu wa pwani. Banda lililofungwa kumzuia usubi hufungia ndani vumbi, ukungu wa nyasi kavu na harufu kali ya mkojo, na vitu hivyo huleta pumu. Farasi mwenye pumu hana homa. Hukohoa anapoanza kula au kukimbia, hutanua pua, na hulazimika kusukuma pumzi nje kwa misuli ya tumbo hadi mstari wa msuli uonekane chini ya mbavu. Dawa za kupanua njia za hewa na za kutuliza uvimbe humpa nafuu, lakini vumbi likibaki ugonjwa hurudi. Nyasi zilowekwe nusu saa na ziliwe siku hiyohiyo, kwa maana katika joto la Lindi huchacha upesi. Zilishwe chini, ili makohozi yapate kutoka. Banda lifagiliwe farasi akiwa nje, na maranda yenye vumbi yasitandikwe. Wavu ni bora kuliko ukuta mzima: humzuia mdudu na kupitisha hewa.

Kikohozi chenye usaha puani na mitoki iliyovimba chini ya taya ni ugonjwa wa bakteria unaoambukiza kwa ndoo, hatamu na mikono. Mgonjwa atengwe, mitoki ikandwe kwa maji ya moto hadi ipasuke, na asirudishwe kundini kwa sababu tu usaha umekoma; bakteria hujificha kooni kwa wiki nyingi. Minyoo ya mapafu nayo huishi ndani ya punda bila kumsumbua, kisha humkohoza farasi anayelisha naye. Wote wapewe dawa ya minyoo. Mafua ya farasi humwumiza punda zaidi, naye huficha maumivu: punda aliyesusa chakula tayari ni mgonjwa sana.

Vifo vya ghafla vyenye povu puani vitolewe taarifa kwa ofisa mifugo wa wilaya, kama inavyotakiwa na Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya 2003, na sampuli zipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari, wenye kituo Mtwara. Mzoga uzikwe kwa kina. Mbwa akila nyama yake huambukizwa. Aliyepona mafua apumzishwe wiki 1 kwa kila siku aliyokuwa na homa, ndipo arudishwe kazini.