Upepo Hauna Mpaka, Mbona Redio Zetu Zinao?

Mapema mwezi wa Mei, mwaka 2024, kimbunga kilichopewa jina zuri la Hidaya kiliingia katika bahari yetu na kukipiga kisiwa cha Mafia, Tanzania. Vyombo vya kuvukia baina ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na huku kwetu Kenya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitoa onyo la pepo kali na mawimbi makubwa. Upepo hauulizi pasi ufikapo mpakani. Je, habari zetu nazo zavuka kwa wepesi huo?

Kwa mvuvi wa Vanga au Kiunga, redio ni kama nanga. Hakuna kampuni itakayolipia tangazo kwa ajili yake, kwani hana faida ya kuchumwa. Ndiyo maana pakawepo redio ya umma, imhudumie yule ambaye mfanyabiashara hana haja naye. Huku Pwani kazi hiyo ni ya Pwani FM, idhaa ya KBC. Ng'ambo ya mpaka ziko TBC na ZBC. Bahari ni moja, na lugha ni moja.

Chuoni tulifunzwa kwamba habari haipokewi hivi hivi. Aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat inatuamrisha tuipeleleze habari iletwayo na fasiki, tusije tukawadhuru watu pasi na kujua. Imam Bukhari alipima isnadi nzima: huyu kasikia kwa nani, na uaminifu wake ukoje? Mwandishi wa habari naye hana kazi nyingine ila hiyo. Hata taarifa ya mwezi mwandamo, ambayo aghalabu hututia katika mabishano, yataka mtangazaji aseme mwezi umeonekana wapi, na nani, na ushahidi umekubaliwa na nani. Asiyefunzwa atasoma uvumi wa simu kama alivyoupata. Wahenga walinena: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tena kuna lugha. Onyo likiandikwa kwanza kwa Kiingereza, mfasiri asiyeijua bahari atafasiri neno kwa neno, na mvuvi asiambulie kitu. Aliyefunzwa atasema kusi, atasema bamvua, na ataeleza waziwazi ni nani asitoke na kwa muda gani.

Mafunzo si jambo geni kwetu. Chuo cha KIMC cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1961, kabla ya uhuru, ili kuwafunza mafundi wa redio. Mwaka 1962 mashirika ya utangazaji ya Afrika yaliunda umoja wao, URTNA, ambao mwaka 2006 uligeuzwa kuwa Umoja wa Utangazaji wa Afrika. Msingi basi upo. Lakini msingi peke yake haumkingi mtu mvua.

Rai yangu ni hii. Watangazaji vijana wa Mombasa wapelekwe Tanga na Unguja kwa miezi kadhaa, na wenzao waje kwetu. Wasome pamoja na watabiri wa hali ya hewa, na manahodha wawe miongoni mwa walimu wao. Kisha redio hizi tatu zipatane juu ya taarifa moja ya bahari, isomwe kila siku kwa wakati mmoja. Nitaambiwa KBC ina mzigo wa madeni. Ni kweli. Lakini kumpeleka kijana kwa jirani hakugharimu kama kununua mtambo, na sisi hatuna haja ya mkalimani.

Jambo la mwisho ni la wakubwa. Redio ya umma isigeuzwe kuwa tarumbeta ya kuwasifu. Msikilizaji aliyezoea kusikia sifa huizima redio yake, na siku ya tufani hatakuwa na habari, hata kama onyo limesomwa kwa ufasaha. Imani ya watu haijengwi siku ya dhoruba. Hujengwa kila siku, kwa taarifa moja ya kweli baada ya nyingine.