Punda wa Mkokoteni Naye Ana Madarasa Yake

UKITOKA Jangwani kuingia Kariakoo asubuhi, utapishana na vijana wanaosukuma mikokoteni iliyojaa magunia ya vitunguu na viazi. Hata jina la Kariakoo linatokana na wabeba mizigo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, farasi wa jeshi la Waingereza walikufa kwa wingi katika nchi hii kwa sababu ya mbung'o na maradhi. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi hao walipiga kambi hapo, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina kuwa Kariakoo.

Somo kwa mfugaji ni kwamba mnyama wa kazi lazima alingane na mahali na kazi yenyewe. Huku kwetu anayelingana ni punda. Tauni ya farasi, inayoenezwa na usubi, huua farasi wengi lakini punda ni nadra kufa kwayo.

Hata hivyo, wenye farasi wana jambo la kutufundisha. Ulaya kuna mchezo uitwao dresaji, ambao umekuwa katika Olimpiki tangu mwaka 1912. Farasi hupimwa kwa utulivu, usikivu na hatua zake. Huanza ngazi ya chini kwa kutembea, kukimbia taratibu, kusimama na kuzunguka duara kubwa. Ngazi ya juu kabisa, Grand Prix, haruhusiwi kuingia mashindano ya kimataifa kabla hajafikisha miaka 8. Farasi Valegro, aliyezaliwa Uholanzi, alitwaa dhahabu London mwaka 2012 na Rio mwaka 2016 baada ya kufundishwa kwa miaka mingi.

Wengi wetu humfunga punda mkokoteni siku ile ile anaponunuliwa mnadani. Akigoma, fimbo. Methali yetu ni "punda afe mzigo ufike". Lakini punda akifa, mzigo wa kesho haufiki.

Mfuate ngazi hizi:

Kwanza, chagua. Tazama kwato, macho na mgongo usio na vidonda. Umri usomwe kwenye meno. Meno ya mbele ya kudumu hukamilika akiwa na miaka kama 5.

Pili, mzoeshe kushikwa, kufungwa kamba na kuongozwa. Umri wa miaka 2 unatosha kwa hilo.

Tatu, mvalishe matandiko bila mzigo, atembee, asimame na kugeuka kwa amri.

Nne, akiwa na miaka 3 mpe mzigo mwepesi. Kazi kamili ingoje miaka 4. Mzigo wa mgongoni usizidi kilo 50 hivi.

Usimfunge nira ya ng'ombe. Punda hana nundu ya kuizuia, hivyo humchubua shingo. Anavuta vizuri kwa mkanda mpana wa kifuani uliotiwa kitambaa laini.

Haraka hapa ina gharama. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Biashara ya ngozi imepunguza punda barani, hadi Umoja wa Afrika ukakubaliana kuizuia Februari 2024. Aliyempoteza wake kwa kidonda cha shingo hatampata mwingine upesi, na mahindi yake yatasubiri shambani wakati wenzake wako sokoni.