Ubao wa Tezi Ukioza: Tuchague Nini cha Kuutengeneza?

Mashua yaweza kung'aa kwa rangi mpya, mota yake ikanguruma vizuri, na abiria wakaketi kwa raha, kumbe ubao unaoichukua mota hiyo umekwisha kuoza ndani na kuwa kama mkate ulioloa maji. Hayo huwapata hasa wenye mashua za nyuzi za kioo. Katika maziwa yetu, Kivu na Tanganyika, vyombo vya mbao ndivyo vingi. Lakini boti za nyuzi za kioo nazo zapita, na mara nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi mikononi mwa wengine. Mnunuzi hutazama rangi na mota, wala haulizi habari za ubao. Siku mota ikiung'oa ubao katikati ya ziwa, maji huingia kwa nyuma. Ndipo mali ya jamaa nzima, pengine na roho za watu, huwa hatarini. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza jinsi ya kuchagua vitu vya kuutengeneza ubao huo, ili fedha ya mzazi isitupwe majini.

Ubao wenyewe ni nini?

Sehemu ya nyuma ya chombo huitwa tezi. Katika mashua ya mota, tezi hukatwa wima, na hapo huwekwa ubao mnene wa kutundikia mota. Mashua inapokwenda, sehemu ya chini ya kishikio cha mota huukandamiza ubao kuelekea mbele, na sehemu ya juu huuvuta kuelekea nyuma. Basi ubao huo hupigana na nguvu mbili kwa wakati mmoja, tena kwa mtikisiko usiokoma.

Ufundi wa kuunda mashua kwa nyuzi za kioo na rezini ya poliesta ulianza Marekani katika miaka ya 1940; Ray Greene wa Ohio aliunda mashua ya namna hiyo mwaka 1942. Nyuzi za kioo zikishikwa na rezini hazivunjiki upesi, walakini zikiwa nyembamba hupinda. Kwa sababu hiyo waundaji waliweka moyo wa mbao katikati ya ngozi mbili za kioo. Mbao hutoa ugumu, ngozi hutoa nguvu. Vitu hivi viwili vikishikamana ni imara sana. Vikiachana, kila kimoja ni dhaifu.

Kwa nini mbao huoza ndani ya kioo?

Wanafunzi wetu wamekwisha kujifunza kwamba uozo ni kazi ya kuvu, yaani viumbe wadogo wanaokula mti. Kuvu huhitaji vitu vinne: chakula, hewa, joto na maji. Mbao yenyewe ni chakula. Hewa na joto hatuwezi kuvizuia. Yabaki maji tu. Mbao ambayo maji yake hayafikii asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu haiozi. Nguzo ya nyumba iliyo chini ya paa zuri hudumu miaka na miaka kwa sababu hiyo hiyo.

Maji huingiaje, iwapo ngozi ya kioo imeufunika ubao pande zote? Huingia katika matundu tuliyoyatoboa wenyewe: tundu la kutolea maji lililo chini, matundu ya bolti za mota, na matundu ya parafujo za vifaa vidogo vidogo. Kila tundu lisilozibwa vema ni mlango. Tena maji yakiisha kuingia hayapati njia ya kutoka, kwa maana kioo huyafungia ndani.

Jinsi ya kutambua

Piga ubao kwa nyundo ndogo, mahali pengi. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Palipooza hutoa mlio mzito, kama kupiga gunia. Kisha inua mota kidogo, shika mguu wake na kuukandamiza, huku mwenzako akitazama ubao: ukicheza, hapana haja ya ushahidi mwingine. Ukiwa bado na shaka, toboa kwa keekee tundu dogo la milimita 5 upande wa ndani. Takataka zikitoka kavu na nyeupe, shukuru. Zikitoka nyeusi na mbichi, ubao umekwisha. Matundu ya kupimia yazibwe siku ile ile.

Wako watu washaurio kutoboa matundu na kumimina rezini nyepesi ili mbao iliyooza ipate kuwa ngumu tena. Sisi hatuwashauri hivyo wenye kuchukua abiria. Rezini haipenyi vizuri katika mbao iliyojaa maji, na mbao iliyokwisha kuliwa hairudishiwi nguvu zake. Uozo hauna budi kuondolewa wote.

Mbao gani ifaayo?

Hapa mafundi wetu wengi hukosea kwa nia njema. Wajua tangu zamani kwamba mvule, ambao wauza mbao wa Kongo huuita kambala, ni mti usiooza upesi, nao ni mzuri kwa milango na kwa vyombo vya mbao. Basi husema: “Tuweke ubao mmoja mnene wa mvule, kazi itadumu milele.” La, hasha! Ubao wa mti mzima hupanuka ukipata unyevu na hujikunyata ukikauka, hasa kwa upana wake. Ngozi ya kioo haipanuki vile, basi mwisho huachana na mbao au kupasuka, na maji huingia. Zaidi ya hayo, miti mingine yenye mafuta ndani yake haishikwi vizuri na rezini. Sifa ya mti ni njema, ila mahali pake si hapa.

Kifaacho zaidi ni mbao za tabaka, zile zinazoitwa tripleksi au multipleksi. Tabaka zake zimepishanishwa, moja kwa urefu na moja kwa upana, hata ubao hauwezi kupanuka sana upande wo wote. Lakini si kila tripleksi ifaayo. Ile nyembamba ya dari, iliyogandishwa kwa gundi isiyostahimili maji, haifai kabisa. Tafuta ile ya mashua, ambayo gundi yake huvumilia hata maji ya kuchemka, na tabaka za ndani hazina mapengo. Waingereza wameiwekea kanuni iitwayo BS 1088. Mapengo ndiyo adui: maji yakipata pengo moja hukimbia kama katika mfereji.

Nyingi za mbao hizo hufanywa kwa mti wa okume, uotao Gabon na nchi za jirani. Msomaji atashangaa kusikia kwamba okume kwa asili yake huoza upesi. Hata hivyo waundaji huupenda, kwa kuwa ni mwepesi na hushikwa sana na rezini. Hapo tunajifunza jambo kubwa: uhai wa ubao wa tezi hautegemei sana jina la mti, wategemea maji kuzuiliwa.

Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, zenye rangi ya kijani, tusizitumie. Mara nyingi huuzwa zikiwa bado na maji, nazo katika hali hiyo hazishikwi vema. Tena shaba hula aluminiamu, na vishikio vya mota vimefanywa kwa aluminiamu.

Viko pia vitu visivyooza kabisa. Kimoja ni mbao za povu gumu la poliurethani lenye nyuzi za kioo ndani yake, kama zile ziitwazo Coosa. Ni nyepesi, lakini hupinda kuliko tripleksi, kwa hiyo hutaka tabaka nyingi zaidi za kioo. Kingine ni rezini iliyochanganywa na chembe za kauri, ambayo humiminwa kati ya ngozi mbili baada ya mbao mbovu kuchokolewa yote. Vyote viwili ni vizuri, illakini ni vya bei kubwa, na huku kwetu havina budi kuagizwa mbali. Mwenye uwezo na anunue. Asiye na uwezo asikate tamaa, maana tripleksi iliyofungwa vema yatosha.

Rezini: hapo ndipo pa kutoa fedha

Ziko rezini mbili. Poliesta ni rahisi kwa bei, nayo ndiyo iliyounda mashua nyingi tangu mwanzo. Epoksi ni ghali, lakini hushika mbao, na hata kioo cha zamani, kwa nguvu zaidi, tena huzuia maji vizuri zaidi. Kwa kuwa kazi yetu ni kushikamanisha mbao mpya na ngozi ya zamani, twasema wazi: fedha ikiwa haba, punguza kwingine, ununue epoksi.

Kila moja ina sheria zake. Poliesta hugandishwa kwa dawa kidogo sana, gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Dawa hiyo ikiruka jichoni yaweza kupofusha. Epoksi hutaka kipimo kamili kilichoandikwa na mtengenezaji. Kuzidisha dawa hakuharakishi kazi, huiharibu. Mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa ni wa poliesta. Kwa epoksi chagua kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Joto likizidi kwa digrii 10, muda wa kufanya kazi hupungua karibu nusu. Kwa hiyo fundi wa Kalemie achanganye kidogo kidogo kuliko yule wa Bukavu, asije akaona kikombe kikifuka moshi mkononi. Mwisho, epoksi huharibiwa na jua. Haina budi kupakwa rangi.

Kazi yenyewe kwa ufupi

Ifanywe wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ili vyote vikauke. Kata ngozi ya ndani, ukiiacha ile ya nje iwe kalibu. Kabla ya kutupa mbao ya zamani, pima unene na urefu wake: mota ya mguu mfupi hutaka kimo cha sentimita 38 hivi, na ya mguu mrefu 51. Mbao mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja hutoa milimita 36, na rezini na kioo vikiongezwa hukaribia 40.

Sugua kioo cha zamani kwa msasa mkali, ukifunika pua na mwili, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Paka rezini kingo zote za mbao mara tatu, kwa kuwa kingo ndizo zinywazo maji. Gandisha, kaza kwa majiliwa, kisha jaza pembe za ndani ziwe za mviringo. Kioo hakilali vizuri katika pembe kali. Unganisha kitambaa na pande za mashua kwa mteremko mrefu: ngozi ikiwa na unene wa milimita 5, mteremko uwe milimita 60.

Yabaki matundu, yaani ile milango tuliyoitaja. Kila tundu la bolti litobolewe kubwa kuliko bolti, lijazwe epoksi nzito, likauke, ndipo litobolewe tena kwa kipimo chake. Hivyo bolti itapita katika epoksi, wala haitaigusa mbao. Na tundu la kutolea maji vivyo hivyo.

Ndugu wasomaji, fundi akiwaletea hesabu ya kazi, msimwulize tu bei ya mbao. Mwulizeni: “Matundu utayafungaje?” Akiweza kujibu vema, mpeni kazi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katikati ya ziwa hapana mahali pa kujengea ukuta.