Kwa nini bado unagawanya kwa 50?

Ukienda kujifunza uchoraji wa ramani za ujenzi, iwe Mbulu, Katesh au Dar es Salaam, unaweza kumkuta mzee wa kazi ambaye hachori mstari kabla ya kushika kikokotoo. Bomba la kalavati lina kipenyo cha milimita 600. Anagawanya kwa 50, anapata 12, anachora milimita 12 kwenye kompyuta. Kijana anaiga, kesho naye anamfundisha mwingine.

Zoea hili lilikuwa na sababu. Karatasi ni ndogo kuliko kalavati, kwa hiyo ilibidi upunguze vipimo kwanza. Programu kama AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, haikubani hivyo. Unachora kitu kwa ukubwa wake halisi, na skeli ya 1:50 unaichagua wakati wa kuchapa.

Sasa, hasara si dakika za kikokotoo tu. Ukichora 12, kompyuta ikipima inaandika 12. Ili isomeke 600, mchoraji anafuta na kuandika mwenyewe. Hapo namba na mstari vimeachana. Mhandisi akisema bomba liwe 900, mstari unabadilishwa, namba inabaki 600. Na fundi saiti hapimi karatasi kwa rula. Anafuata namba, na ndivyo anavyotakiwa.

Hebu tupige hesabu. Mdomo wa bomba la 600 una eneo la kama mita za mraba 0.28, wa 900 una 0.64. Yaani kalavati iliyojengwa ina nafasi chini ya nusu ya iliyokusudiwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, wakafa zaidi ya watu 80. Kalavati isingezuia balaa lile. Lakini kwenye miteremko ya huku, hata mvua ya kawaida hukata barabara maji yakikosa njia.

Je, tutupe yote ya wazee? Hapana. Mzee huyohuyo huenda kuliona korongo kabla ya kuchora, huandika tarehe ya kila marekebisho, na namba zake hukaguliwa na mtu wa pili. Sababu za mazoea hayo bado zipo. Basi kila zoea liulize: kilichokuleta bado kipo?

Na usibishane naye. Mwambie, "Mzee, naomba tujaribu." Chora kalavati moja kwa njia zote mbili, badilisha kipimo kimoja, halafu msome namba pamoja.